Msongo, Mkondo na Ukinzani: Istilahi za Sakiti Sahili na Mantiki ya Kanuni ya Ohm, kwa Mifano kutoka Wilaya za Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna istilahi za Kiswahili zinavyobeba, au zinavyoshindwa kubeba, uhusiano uliopo baina ya dhana tatu za msingi za umeme. Hoja inayotetewa ni kwamba ugumu wa kanuni ya Ohm kwa mwanafunzi wa Kiswahili hautokani na uhaba wa maneno, bali unatokana na mgawanyo wake: neno linalofaa zaidi kwa dhana ya kwanza, yaani *msongo*, limebaki katika lugha ya njia kubwa za umeme, ilhali darasani hutumika *volteji*, na mtaani hutumika *nguvu*. Mifano imetolewa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako maporomoko ya Rusumo na kituo cha Nyakanazi vinatoa kielelezo kinachoonekana kwa macho.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi una historia ndefu nchini Tanzania. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Mwaka 1978 lilichapisha utafiti wa Mlama na Matteru kuhusu haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliendeleza utaratibu wa Kiswahili katika shule za msingi na Kiingereza katika sekondari. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, ingawa fizikia ya sekondari imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa.

Katika mjadala huo, swali ambalo limeulizwa mara nyingi ni iwapo istilahi zipo. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni iwapo istilahi zilizopo zinahusiana zenyewe kwa zenyewe kama dhana zake zinavyohusiana. Kanuni ya kisayansi haielezi kitu kimoja, bali inaeleza uhusiano wa vitu. Ikiwa majina ya vitu hivyo yanatoka katika nyanja tatu zisizojuana, mwanafunzi ataikariri kanuni bila kuiona.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zinafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wengi wa huko huanza maisha kwa lugha kama Kihangaza, Kishubi au Kisukuma, wakajifunza Kiswahili, kisha wakakutana na Kiingereza. Umeme wanausikia kwa lugha ya pili na kuusoma kwa lugha ya tatu. Pili, historia ya umeme wa eneo hilo imepita katika hatua zote: betri na mitambo midogo ya jua majumbani, majenereta ya dizeli ambayo miji ya Ngara na Biharamulo iliyategemea kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na mradi wa Rusumo wa megawati 80, ambao mitambo yake ilianza kuzalisha umeme mwaka 2023 na ambao unamilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania.

2.0 Kanuni Yenyewe

Georg Simon Ohm, mwanafizikia wa Ujerumani (1789–1854), alichapisha kitabu chake kuhusu sakiti za umeme mwaka 1827. Kwa maneno mepesi, kanuni yake inasema kwamba mkondo unaopita katika kipitishi huongezeka kwa kadiri ileile msongo unavyoongezeka baina ya ncha zake, mradi hali za kipitishi hicho, hususan halijoto, hazibadiliki. Uwiano wa msongo kwa mkondo ndio unaoitwa ukinzani. Kwa alama huandikwa V = I × R. Msongo hupimwa kwa volti, mkondo kwa ampea, na ukinzani kwa omu. Majina hayo yalikubaliwa katika kongamano la kimataifa la umeme lililofanyika Paris mwaka 1881, kwa heshima ya Volta, Ampère na Ohm.

Tochi yenye betri mbili za volti 1.5 zilizofuatana ina msongo wa volti 3. Ikiwa balbu yake inapowaka inapitisha mkondo wa ampea 0.3, ukinzani wake katika hali hiyo ni 3 ÷ 0.3, yaani omu 10. Sharti la halijoto si pambo. Balbu ya uzi wa tungsteni inapokuwa baridi ina ukinzani mdogo sana kuliko inapowaka, na ndiyo maana balbu za aina hiyo mara nyingi huungua wakati ule ule swichi inapobonyezwa.

Inafaa kutambua kwamba hata herufi za kanuni hii si rafiki wa mwanafunzi. Herufi I haitokani na neno la Kiingereza analofundishwa, wala na neno la Kiswahili. Inatokana na istilahi ya Kifaransa iliyomaanisha ukali wa mkondo. Ugeni wa alama, kwa hiyo, ni mzigo wa wanafunzi wa lugha nyingi. Kinachoweza kuupunguza ni majina yanayosema yenyewe kazi ya kila kipimo.

3.0 Asili na Umbo la Istilahi Tatu

Istilahi *mkondo* ilitoka katika maji. Kabla ya kuitwa katika umeme, neno hili lilikuwa la mito na bahari, na lilitaja maji yanayokwenda, si maji yaliyotulia. Kwa hiyo lilipohamia katika fizikia lilikuja na sifa mbili muhimu: mwendo na njia. Mkondo hauwezi kuwekwa katika chombo ukabaki mkondo.

Istilahi *ukinzani* imenyambuliwa kutokana na kitenzi *kinza*, kupitia *kinzana*. Umbo la kutendana linaashiria pande mbili, na hapa ndipo ubora wa istilahi hii ulipo. Kinachokinza hukinza kitu kinachotaka kupita. Ukinzani wa waya uliolala dukani umo ndani ya waya, lakini athari yake haidhihiriki mpaka mkondo upite.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye matatizo. Darasani hutumika *volteji*, neno la mkopo ambalo halina jamaa katika Kiswahili isipokuwa *volti*. Mwanafunzi akilisikia hapati picha ya kusukuma, kuvuta wala kubana. Anapata jina la kipimo tu. Matokeo yake ni kwamba katika kanuni yenye wahusika watatu, wawili wanajieleza na mmoja ni bubu. Naye aliye bubu ndiye mwanzilishi wa tendo.

Hata hivyo, Kiswahili kimekwisha kuzaa neno la dhana hiyo nje ya darasa. Katika taarifa za miradi ya umeme na katika magazeti husemwa kwamba njia fulani ni ya *msongo wa kilovolti 220*, na miradi ya umeme vijijini hutofautisha *msongo wa kati* na *msongo mdogo*. Neno hilo linatokana na kitenzi *songa* kwa maana ya kubana au kukandamiza, na umbo lake linalingana na *mkondo*: yote mawili yamo katika ngeli ya M-/MI-. Wasemaji wa kawaida wanalifahamu pia kutokana na *msongo wa mawazo*, yaani hali ya mtu kubanwa na fikra. Kwa hiyo *msongo*, *mkondo* na *ukinzani* ni ukoo mmoja wa maana: kinachosukuma, kinachopita na kinachozuia. Kasoro iliyopo ni ya kimatumizi. Neno limepanda juu ya nguzo kubwa, halijashuka hadi kwenye betri ya tochi.

4.0 Lugha ya Mtaani na Dhana Inayofichwa

4.1 *Nguvu* na *umeme mdogo*

Mtu akisema kwamba "umeme leo ni mdogo" au "umeme hauna nguvu", anaweza kuwa anaeleza mambo matatu tofauti. Huenda msongo uliofika nyumbani ni volti 190 badala ya 230. Huenda msongo ni sahihi, lakini mkondo haupiti vya kutosha kwa sababu kiungo cha nyaya kimelegea na ukinzani wake umeongezeka. Huenda pia anazungumzia nishati: uniti alizonunua kwa mfumo wa LUKU zinakaribia kwisha. Tiba ya kila hali ni tofauti, na fundi anayepokea maelezo hayo hana budi kuanza upya kwa kuuliza.

Neno *nguvu* lina kazi kubwa katika lugha, na makala haya hayapendekezi liondolewe vinywani mwa watu. Ila katika maandishi ya kitaalamu ni vema litengwe na *msongo*, kama vile fizikia ya Kiswahili ilivyokwisha kulitenga na *kani*.

4.2 *Kula umeme*

Husemwa kwamba pasi au jiko "linakula umeme". Usemi huu ni sahihi kwa upande wa nishati na wa kupotosha kwa upande wa mkondo. Mwanafunzi anayeuchukua kama ulivyo hufikiri kwamba ampea 5 zikiingia katika pasi, zitatoka ampea chache. Sivyo. Katika sakiti yenye njia moja, mkondo unaoingia katika kifaa ndio unaotoka. Kinacholiwa ni nishati, ambayo hugeuka joto au mwanga. Msongo ndio unaogawanyika njiani. Ndiyo sababu mita ya nyumbani huhesabu nishati kwa kilowati-saa, na haihesabu ampea peke yake.

4.3 *Kupoza umeme*

Kituo cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo, huitwa *kituo cha kupoza umeme*. Usemi huu umekubalika nchini kote na una uzuri wake: umeme wa njia kubwa umefananishwa na kitu cha moto kisichoweza kushikwa mpaka kipoe. Ulinganisho wa umeme na joto si wa kubezwa. Ohm mwenyewe aliijenga nadharia yake kwa kuufananisha mwendo wa umeme na mwendo wa joto katika metali. Lakini kwa mwanafunzi swali linabaki: kilichopoa ni nini? Transfoma hushusha msongo. Mkondo kwa upande wa pili huwa mkubwa zaidi, si mdogo. Neno *kupoza* likifafanuliwa kuwa ni *kushusha msongo*, linabaki salama. Likiachwa bila ufafanuzi, linadokeza kwamba kila kitu kimepungua.

5.0 Rusumo kama Kielelezo, na Mipaka Yake

Mto Ruvubu unaungana na Kagera karibu na Rusumo, na hapo maji hushuka katika maporomoko yaliyo mpakani mwa Ngara na Rwanda. Mwalimu wa fizikia wa wilaya hiyo ana kielelezo ambacho wenzake wengi hukichora ubaoni tu. Tofauti ya kimo baina ya maji ya juu na ya chini inalingana na msongo. Kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde kinalingana na mkondo. Wembamba na mikwaruzo ya njia ya maji inalingana na ukinzani. Kimo kikiwa kilekile na njia ikapanuliwa, maji mengi zaidi hupita. Njia ikiwa ileile na kimo kikapunguzwa, maji hupungua. Hiyo ni kanuni ya Ohm kwa lugha ya mto, japokuwa maji hayafuati uwiano huo kwa usahihi ule ule.

Kielelezo hiki pia kinafundisha sarufi. Kimo hakipiti popote. Kipo *baina ya* nukta mbili. Maji ndiyo yanayopita *katika* njia. Wembamba ni sifa *ya* njia. Vivyo hivyo, volti zipo baina ya nukta mbili, ampea hupita katika kipitishi, na omu ni za kipitishi. Sentensi kama "volti 230 zilipita mwilini mwake" inakosea kihusishi na kwa hiyo inakosea fizikia. Msongo wa volti 230 ulikuwa baina ya mkono na ardhi. Kilichopita mwilini ni mkondo, na ukubwa wake ulitegemea ukinzani wa ngozi. Ngozi iliyolowa ina ukinzani mdogo, na kwa sababu hiyo swichi ileile ni ya hatari zaidi kwa mikono yenye maji. Kwa upande mwingine, betri ya gari ya volti 12 inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mota ya kuwashia injini, lakini aishikaye ncha zake kwa mikono mikavu hapigwi shoti, kwa kuwa msongo huo hautoshi kuushinda ukinzani wa ngozi.

Mipaka ya kielelezo haina budi kutajwa. Bomba likikatwa maji humwagika. Waya ukikatwa mkondo husita. Maji ya Kagera huenda Ziwa Viktoria na hayarudi Rusumo kwa njia ileile, ilhali sakiti ni lazima ifungwe. Kazi ya betri au jenereta si kutengeneza umeme ulio tupu ndani ya waya, bali kudumisha tofauti inayousukuma mzunguko wote.

6.0 Mfuatano, Usambamba na Ncha ya Laini

Chukua chanzo cha volti 12 na rezista mbili, kila moja ya omu 24. Rezista moja peke yake hupitisha ampea 0.5. Zikiwekwa kwa mfuatano, ukinzani wa jumla ni omu 48 na mkondo ni ampea 0.25. Zikiwekwa sambamba, ukinzani wa jumla ni omu 12 na mkondo ni ampea 1. Tokeo la mwisho huwashangaza wengi: imeongezwa rezista, na ukinzani umepungua. Neno *ukinzani* linawafanya wategemee kwamba vizuizi viwili huzuia zaidi ya kimoja. Ufumbuzi ni kukumbuka njia: ukumbi wenye milango miwili hutoa watu kwa haraka kuliko wenye mmoja, hata kama kila mlango ni mwembamba.

Vifaa vya nyumbani huunganishwa sambamba. Kila kinachowashwa hufungua mlango mpya, na mkondo wa jumla huongezeka. Fyuzi imewekwa ili iungue mkondo unapovuka kiwango. Anayeibadilisha kwa kipande cha waya mnene hakuongeza "nguvu" ya umeme, kama inavyodhaniwa. Ameondoa kizuizi cha mwisho, na joto litatafuta mahali pengine pa kutokea, mara nyingi ndani ya ukuta au darini.

Mfano wa kijiji kilicho mwishoni mwa laini unaonesha dhana zote tatu kwa pamoja. Tuseme transfoma inatoa volti 230, na nyaya za kwenda na kurudi zina ukinzani wa omu 2. Usiku wa manane, mkondo ukiwa ampea 2, msongo unaopotea njiani ni volti 4, na nyumba ya mwisho hupata 226. Saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamewasha vifaa na mkondo ukiwa ampea 20, hupotea volti 40, na nyumba hiyo hupata 190. Hakuna aliyeiba umeme, wala jenereta haijachoka. Waya uleule umekula sehemu kubwa zaidi ya msongo kwa sababu mkondo umeongezeka.

Athari zake hazilingani. Birika la umeme litachelewa kuchemsha. Mota ya mashine ya kusaga, ambayo si rezista sahili, hujaribu kuendelea na kazi ileile kwa kuvuta mkondo zaidi, na hivyo huongeza upotevu njiani na kupata joto mpaka iungue. Friji ya kuhifadhia chanjo iko katika hatari hiyo hiyo. Mwenye mashine anayeripoti kwamba "umeme ni mdogo" huenda akashauriwa kununua mota kubwa zaidi, jambo litakalozidisha tatizo. Akiripoti kwamba msongo unashuka saa za jioni, suala linaelekea mahali pake: waya mnene zaidi, au transfoma iliyo karibu zaidi. Waya ukirefushwa mara mbili ukinzani huwa mara mbili. Eneo la mkato wake likiwa mara mbili ukinzani huwa nusu.

Mantiki hiyohiyo inaeleza kwa nini umeme wa Rusumo husafirishwa hadi Nyakanazi, umbali wa karibu kilomita 100, kwa msongo wa kilovolti 220. Wati 2,300 zikipelekwa kwa volti 230, mkondo ni ampea 10, na njia ya omu 2 hupoteza wati 200 kwa joto. Wati hizohizo zikipelekwa kwa volti 2,300, mkondo ni ampea 1, na upotevu ni wati 2. Msongo umepandishwa mara 10. Upotevu umepungua mara 100. Kupandisha msongo, kwa hiyo, ni njia ya kupunguza mkondo, na kupunguza mkondo ni njia ya kuunyima ukinzani chakula.

7.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba Kiswahili kina istilahi tatu zinazoweza kuieleza kanuni ya Ohm kwa ukamilifu, na kwamba mojawapo imetengwa na wenzake kutokana na mgawanyo wa matumizi. Mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, *msongo* litumike katika vitabu vya sayansi tangu shule ya msingi, huku *volti* ikibaki kuwa jina la kipimo. Pili, istilahi zifundishwe pamoja na vihusishi vyake: msongo *baina ya*, mkondo *katika*, ukinzani *wa*. Tatu, semi za mtaani kama *kula umeme* na *kupoza umeme* zisifukuzwe darasani, bali zichambuliwe, kwani mwanafunzi huingia nazo na hutoka nazo.

Kwa watungaji wa istilahi, funzo ni pana zaidi ya umeme. Istilahi hazina budi kupimwa kwa makundi, kwa kufuata kanuni zinazoziunganisha, badala ya moja moja kwa mpangilio wa alfabeti. Kamusi inaweza kuyapanga maneno mbali mbali, sakiti huyakutanisha. Mwanafunzi wa Rulenge au wa Nyakanazi atakayesema kwamba msongo umeshuka kwa sababu mkondo umezidi katika waya wenye ukinzani ule ule, atakuwa ameitaja kanuni ya mwaka 1827 kwa lugha yake, na fundi atajua aanzie wapi.